Masikio ya Ukuta

Candia,

Usitafute salamu hapa juu, sikuziandika. Mtu aliyeondoka nyumbani kwangu Jumatatu bila kugusa chakula cha mama yake hana haki ya kuulizwa hali. Hali yako naijua. Uko misheni Arua, sanduku limefungwa, kesho asubuhi Bruda, Mwitaliano wetu wa misheni, anakupeleka Entebbe, na ndege inakupeleka Italia kusomea usanifu wa majengo. Mimi niko hapa Midia, nimekaa kwenye kizingiti cha kanisa ulilolipiga nyundo. Mlango nimeufunga kwa mnyororo wa baiskeli na karatasi nimeiweka juu ya goti. Lori la tumbaku linapita saa tisa mchana kwenda Arua. Mama yako atapanda na barua hii, na ameshaniambia kwamba hatabeba neno lolote la mdomo, kwa sababu amechoka kubeba maneno ya wanaume wawili wasiosikia.

Mambo ya sweta na dawa ya malaria atakuambia yeye. Mimi nina hasira, na nina jambo moja ambalo ningekwambia Jumatatu kama wewe ungenyamaza kidogo na kama mimi ningekuwa jasiri. Naandika kwa Kiswahili nilichojifunzia Koboko nikijenga mabanda ya askari. Kiingereza chako nimekichoka, na kwa Kilugbara kuna matusi ambayo nisingeweza kujizuia kuyaandika.

Padri alikutuma uje uandae ukuta wa mbele upakwe rangi kabla ya sikukuu ya mavuno. Kupaka rangi tu. Wewe ukaja na nyundo kubwa. Ukapanda ngazi mbele ya kwaya yote, wanawake wamesimama na vitabu vyao vya nyimbo, ukaonyesha yale mapambo mawili makubwa niliyojenga kulia na kushoto, pale sehemu ndefu ya katikati inapokutana na mapaa mafupi ya pembeni. Kila mtu hapa anayaita masikio ya kanisa, kwa sababu yamejikunja. Ukasema kwa sauti ya mwalimu:

“Hii iko uchafu tu. Bruda alifundisha sisi mstari. Hii kitu mzee alitoa wapi?”

Nikakuambia, “Shuka, Candia.”

“Mzee, wewe uliona picha. Mimi nimesoma.”

Sikio la kushoto lilianguka kwa mapigo sita. La kulia lilichukua manne, mkono wako ulikuwa umeshazoea. Ulipoona kwamba nyuma ya kila moja kuna rundo la matofali linalorudi nyuma juu ya ukuta wa pembeni, ulicheka. Ulisema mzee alimaliza tofali ambazo zingejenga choo, ukayabomoa na yale pia. Halafu, jasho likikutoka, ukashuka ukaniomba timazi yangu uende nayo Italia. Yaani ile shaba yenye ncha ninayoining'iniza kwenye uzi kupima kama ukuta umesimama wima, ambayo Bruda alinipa nilipokuwa na umri kama wako. Ulinidharau mbele za watu, na kabla vumbi halijatulia ukaninyooshea mkono. Nilikunyima na ninakunyima tena sasa, lakini sababu si ile uliyoifikiria ulipopanda gari kwa hasira.

Unasema niliona picha tu. Ni kweli. Ngoja nikusimulie nilichokiona, halafu ukifika shuleni kwako ulinganishe.

Kitabu cha Bruda kilikuwa kinene, kimeandikwa Kitaliano, na nusu yake ya mwisho ilifungwa kwa mpira uliokatwa kwenye tyubu ya baiskeli. Sisi mafundi tuliruhusiwa nusu ya kwanza. Jumamosi, tukishaosha vyombo, alituonyesha kurasa kwa kidole chenye chokaa kwenye ukucha. Pale alikuwepo yule fundi wa Florence aliyefunika kanisa kwa kuba kubwa bila kujaza miti chini ya kuishikilia. Alipanga matofali mengine yamelala na mengine yamesimama ili yashikane yenyewe kadiri yanavyopanda. Kabla ya hapo, Bruda alisema, alikwenda Roma kupima magofu ya watu wa kale. Wakaja wengine nyuma yake, na wote walipenda duara na mraba. Urefu wa nguzo ulitoka kwenye unene wake, dirisha lilifuata mlango, na ukiongeza kitu kimoja jengo zima linakataa.

“Angalia,” Bruda alikuwa anatuambia. “Hapa mutu iko fikiri kwanza, halafu iko jenga.”

Kazini neno lake lilikuwa moja, dirito, yaani nyoosha. Alilipiga kelele tangu asubuhi mpaka watu wa Arua wakamwita Bruda Dirito, na wengine mpaka leo hawajui kwamba ana jina jingine. Nilimpenda. Naandika hivyo kwa sababu umekua ukinisikia nikimtukana, na ni vizuri ujue kwamba yule mtu alinifundisha kila kitu ninachokijua, isipokuwa ujinga wangu.

Siku moja malaria ilimlaza. Nikampelekea uji, nikakuta amelala na kitabu kiko mezani. Nikautoa ule mpira.

Candia, niligeuza kurasa kama mwizi. Kwanza nilikuta watu waliozijua sheria vizuri mno mpaka zikawachosha. Kule Mantova mmoja alimjengea mtawala wake jumba ambalo baadhi ya mawe yake ya juu yameteremshwa kidogo kutoka mahali pake, kwa makusudi, ili mgeni aogope kwamba yanamwangukia. Mwingine alizipachika nguzo ndani ya ukuta, zimekaa kwenye mashimo kama watu waliokatazwa kutoka nje. Halafu nikafika Roma. Bruda alikuja kunieleza baadaye, kwa shingo upande, kwamba wakubwa wa kanisa walikuwa wamepoteza nusu ya Ulaya kwa Waprotestanti na walitaka majengo ya kumkamata mtu moyo hata kama hataki. Ndipo kuta zikaanza kuvimba na kubonyea. Duara likavutwa likawa yai. Uwanja ukawekewa mikono miwili ya nguzo inayomzunguka kila anayeingia.

Na kulikuwa na picha moja. Kanisa dogo limebanwa kwenye kona ya barabara mbili, si kubwa kuliko hili letu kwa jicho langu, na ukuta wake wa mbele unaingia, unatoka, unaingia tena kama kitambaa kilichoanikwa siku ya upepo. Aliyelijenga alikuwa mtoto wa mchonga mawe. Aligombana na wenye kazi na mafundi wenzake, mwisho akajiangukia upanga wake mwenyewe. Bruda hakupenda hata jina lake litajwe. Alipoamka akanikuta na ukurasa ule mkononi hakunifokea. Alisema tu, “Huku mwisho iko wazimu,” akaomba mpira wake.

Wewe ungekubaliana naye. Umeniambia mara ngapi kwamba hawa wa pili waliharibu kazi ya wale wa kwanza? Haya, chukua hili uende nalo. Sikio ulilolivunja Jumatatu halikutoka kwenye nusu iliyofungwa. Limetoka kwenye kurasa za Florence, za watu wako wa mstari. Mmoja wao alikuwa na kanisa refu katikati na fupi pembeni, akaona pengo baya pale mabegani, akaliziba kwa mikunjo miwili mikubwa. Wale wa Roma walimwiga tu. Umesoma miaka minne ufundi na hukulijua hilo. Mimi nililiona Jumamosi, mikono ikiwa bado na maji ya vyombo.

Sasa nakuja kwenye langu, na hapa ningependa uache kutabasamu.

Mwaka ule Wahindi walipoondoka, Bruda alikwenda kwao Italia kutibiwa, akaniachia kanisa hili. Misingi ilikuwa tayari na mchoro wake ulikuwa mezani: ukuta wa mbele ulionyooka, mlango, dirisha la duara. Dirito. Nilikuwa na kaka Drani, yule wa Omugo, ambaye tulianza naye kazi siku moja na ambaye wewe ulikuwa unampanda mabegani. Saruji ilikuwa ya kuomba, lakini matofali tulikuwa nayo mengi. Na mimi nilikuwa na ile picha kichwani. Nikaukunja mchoro wa Bruda, nikaufunika na sahani. Nilitaka Midia iwe na ukuta unaotembea.

Kupinda ukuta si kazi ngumu. Unachomeka kigingi, unafunga kamba, unazungusha, unafuata mstari wa kamba tofali kwa tofali. Tulifanya hivyo na ulipendeza. Lakini kwenye picha nilikuwa nimeona kitu kingine ambacho nilidhani ndiyo siri yenyewe. Ukuta wa Roma haukusimama wima. Ulilala nyuma. Kingo zake za juu zilikaribiana na kwenda nyuma, mtu yeyote angeliona hilo. Nikafikiri, hawa watu walizishinda sheria zote, wameishinda hata hii. Kwa hiyo kila mstari wa matofali niliurudisha nyuma kidogo, unene wa kidole cha mtoto, nikijisifu.

Drani alikuwa juu ya jukwaa na timazi mkononi. Siku ya tatu akasema:

“Ndugu, ukuta iko lala.”

“Najua.”

“Iko lala ndani. Iko lala juu ya watu. Wacha mimi napima.”

Nikamnyang'anya ile timazi mkononi, nikaitia mfukoni. Nikamwambia, “Watu ya Roma hapana tumia hii.” Nilisema hivyo mimi, ambaye sijawahi kuvuka hata Kampala. Drani akachukua mwiko wake akaendelea kujenga, kwa sababu mimi ndiye niliyeachiwa kazi.

Bruda aliporudi alikuwa mwembamba, hawezi kupanda ngazi. Ukuta uliovimba na kubonyea hauna ukingo ambao jicho linaweza kuukadiria, kwa hiyo hakuuona ulalo. Aliona tu kwamba nimepindisha, akatikisa kichwa. Lakini ndani, juu ya mlango, tayari kulikuwa na ufa. Aliusoma kwa kidole. Akauliza nani alichanganya udongo wa kujengea.

Drani alikuwa amesimama hapo, hatua tatu kutoka kwangu.

Nikasema, “Drani.”

Ilitosha. Bruda alimfukuza siku ileile, na neno lilienda Arua na Koboko kwamba Drani ni fundi wa udongo mbaya. Hajawahi kupewa ukuta tena. Anafyatua matofali Omugo, watu wengine wanajengea. Ulipokuwa unauliza kwa nini haji tena nyumbani, nilikujibu kwamba alinionea wivu. Ulikuwa mdogo, ukaniamini, ukaacha kumuuliza.

Nakwambia hivi: mwanzoni nilijiaminisha. Nilisema kweli labda ni udongo. Bruda aliniambia niuegemeze ukuta usisogee zaidi, ndipo nikajenga miguu miwili ya matofali nyuma yake, juu ya kuta za pembeni, imeushika mabega. Ilikuwa mibaya kuangalia, ya aibu. Kila mpita njia angeuliza ukuta mpya unashikiliwa nini. Ndipo nikakumbuka Florence. Nikaivisha ile miguu mikunjo miwili, nikaipiga lipu, nikaisugua mpaka ikang'aa. Watu walishangilia. Yale masikio, Candia, ni nguo. Ulichokivunja Jumatatu ukicheka ni miguu inayozuia ukuta usilale juu ya mabenchi.

Na ukweli wenyewe niliupata miaka miwili baadaye, Koboko. Nilimjengea kapteni mmoja nyumba, safari hii kwa timazi, kila kona. Ilisimama wima kabisa. Kapteni akamwita Musa, yule Mnubi mwenye kamera karibu na soko, aipige picha. Uzio ulikuwa nyuma ya Musa, hakuweza kurudi mbali, akaielekeza kamera juu. Baada ya wiki picha ikaletwa. Kapteni akaiangalia, akaweka mkono kwenye mkanda wake karibu na bastola.

“Fundi. Kuja hapa. Nyumba yangu iko anguka?”

Nikaangalia. Kwenye karatasi nyumba ilikuwa imelala nyuma, kingo za juu zimekaribiana. Nikainua macho, nyumba yenyewe hii hapa, wima. Musa ndiye aliyecheka.

“Hapana, afande. Hiyo iko kamera. Kamera ikiangalia juu, nyumba inalala. Nyumba iko sawa.”

Kapteni naye akacheka, akaagiza chai. Mimi nilikaa kwenye rundo la mchanga. Niliona barabara ile nyembamba ya Roma na mtu aliyesimama chini ameinua kamera yake, hana nafasi ya kurudi nyuma. Ukuta wa yule fundi mwenye hasira ulikuwa wima. Alipinda chini kadiri alivyotaka, lakini kwenda juu alikwenda kama Bruda. Mimi nilijenga kosa la kamera, kwa matofali, juu ya vichwa vya watu, na Drani aliniambia.

Chai ya kapteni niliinywa. Nikarudi nyumbani na sikumwambia mtu. Huu ni mwaka wa nne. Kila Jumapili nilikaa benchi la mbele kabisa, chini ya ukuta, nikidhani kwamba hiyo ni adhabu ya kutosha. Mama yako alidhani nimeokoka.

Ulipokuwa unapiga nyundo ningeweza kupaza sauti. Ningeweza kusema miguu, acha, ukuta hauko wima. Watu arobaini walikuwa wanasikiliza. Nilisema “shuka” tu, kama baba yeyote aliyekasirika, na wewe ukanijibu kama mtoto yeyote mwenye kiburi. Kiburi hicho sijui umekitoa wapi. Najua umekitoa wapi.

Jumanne jioni upepo wa mvua ulikuja. Jumatano asubuhi niliingia, nikapitisha vidole vitatu kwenye ule ufa. Ndipo nikafunga kanisa. Katekista Yusto akaja mbio, na keshokutwa ndiyo sikukuu.

“Mzee, unafunga nyumba ya Mungu kwa ruhusa ya nani?”

“Ukuta iko mbaya.”

“Iko mbaya tangu lini?”

Lilikuwa swali lilelile. Bruda aliuliza nani, huyu anauliza lini, na mimi nina mdomo wa kujibu. Ungedhani mtu aliyekaa miaka minne chini ya ukuta amejifunza kitu.

Nikasema, “Tangu Jumatatu. Candia alipiga vibaya.”

Soma hilo mara mbili, sitaliandika tena. Kwa hiyo ujue kwamba hapa Midia wewe ndiye uliyevunja kanisa. Kwaya inasema hivyo kisimani. Mjomba wako amesema hivyo kwenye pombe. Na Yusto leo saa saba mchana amepanda baiskeli kwenda Arua kumwambia Padri na Bruda kwamba kijana wanayempeleka Italia kujifunza kujenga ameangusha kanisa kabla hajapanda ndege, na kwamba asiruhusiwe kuondoka mpaka alijenge upya. Akifika kabla ya mama yako, kesho huendi popote.

Na kuna kibaya zaidi. Yusto aliponiambia hivyo jana, nilifurahi. Nilikwenda shambani kwenye mihogo nikasimama peke yangu, nikafurahi. Nilisema, vizuri, atabaki. Atabeba tofali hapa na mimi, atajua. Nilikupenda kwa njia ya mtu anayefunga mbuzi. Mama yako aliniona usoni nilipoingia ndani, akaacha kusonga ugali.

“Unacheka nini?”

Nikamwambia yote. Ya Drani, ya kamera, ya Yusto. Hakulia. Alisema, “Nyinyi wawili, vichwa yenu iko mawe. Lakini yako iko na ufa.” Akaingia chumbani akafunga nguo zake za safari. Alipotoka aliniambia saa ya lori.

Anazo barua mbili. Ya pili ni ya Bruda, na nimemwapisha aikabidhi kabla hata hajakuona wewe. Lori litampita Yusto njiani, baiskeli yake haina mnyororo, ndio huu nilioufungia mlango, kwa hiyo ameazima ya mwalimu ambayo haina breki. Nimemwandikia Bruda yote niliyokuandikia, kwa maneno machache na bila matusi. Nimemwambia mtoto wangu alivunja pambo, na kwamba aliyeangusha ukuta ni mimi, siku niliyoujenga. Unaweza kunichukia kwa uhuru wako wote ukiwa ndani ya ndege. Sikuombi msamaha. Ningekuomba, ungenipa haraka ili uwe mkubwa kuliko mimi, na sitaki kukupa raha hiyo bado.

Kesho, wakati wewe uko njiani, tunaubomoa ule ukuta kutoka juu, tofali kwa tofali, kabla haujalala wenyewe. Nimeita watu wote, na Yusto akirudi naye nitamweka mbele. Lakini kabla ya nyundo ya kwanza nitasema jina lako, kwamba hukufanya wewe. Halafu nitasema la Drani.

Nilimtuma mtu Omugo. Drani amerudisha jibu, na nimelikariri: “Mwambie nakuja. Sina kuja kwa kusameheana. Nataka kuona na macho yangu.” Ni haki yake. Hasira yake ni nzuri kuliko yangu, imekaa wima muda wote huu.

Sasa unajua kwa nini timazi hupati. Kesho Drani atapanda juu ya ukuta, ataifunga kwenye uzi, ataiteremsha mbele ya kijiji chote kama alivyotaka kufanya siku ile, na kila mtu ataona uzi ulivyo mbali na matofali. Kisha aiweke mfukoni mwake, aende nayo Omugo. Niliichukua mkononi mwake na mkononi mwake inarudi. Wewe nunua yako huko Italia. Mtu anayebomoa asichokipima anahitaji kuanza na ya kwake mwenyewe.

Lori limeonekana vumbi lake upande wa mpaka, naharakisha.

Utafika Roma siku moja. Najua utakwenda kwanza kuangalia yale ya mstari, nenda. Halafu tafuta lile kanisa dogo kwenye kona, ukuta unaoingia na kutoka. Usipige picha. Ukaribie, usimame chini yake, na kama wakikuruhusu panda juu uteremshe timazi yako mpya. Niandikie uzi umesemaje. Nimeuamini ukuta ule kwa kuuona kwenye karatasi, nimeharibu nao maisha ya mtu, na nimekaribia kuharibu nao yako. Nataka kujua kwa mtu aliyeugusa.

Ukiwa wima, andika uko wima. Na ukikuta kweli umelala, andika hivyo pia. Usinidanganye ili nilale usingizi.

Baba yako